Waya Isiyopita Tundu la Sindano

Habari ilimkuta Mama Sare mguu ukiwa juu ya kanyagio la cherehani na pini amezibana midomoni. Alikuwa akishona pindo la sketi ya shule, na kwa sababu ya pini zile hakuweza kumjibu msusi wa duka la jirani aliyesimama mlangoni, mikono bado inang'aa mafuta ya nywele.

"Mama Sare, simamisha mashine kwanza."

Akasimamisha.

"Toa na hizo pini mdomoni."

Akazitoa mojamoja, akazichomeka kwenye mto mdogo aliokuwa ameufunga mkononi. Alikuwa ameshajua kwamba jambo ni zito. Hakuna anayekuambia utoe pini mdomoni ili akupe habari ya harusi.

"Ni mdogo wako," msusi alisema. "Kuna kitu kimelipuka kule dukani kwa Bosi, wanakouza zile sigara za mvuke. Wamemkimbiza hospitali, lakini hawakufika naye. Amekata roho njiani." Akajifuta machozi kwa kiwiko maana viganja vilikuwa na mafuta. Kisha, pengine kwa kutojua la kusema, akaongeza, "Wanasema ni koili zake mwenyewe zimemlipukia. Eti alikosea."

Basi kifo na tuhuma vikaingia kwa Mama Sare kupitia mlango mmoja, vimeshikana mikono. Baadaye kila alipojaribu kulia msiba peke yake, ile tuhuma ilimfuata humo, na kilio kikatoka na hasira ndani yake.

Huyo mdogo wake mtaa mzima ulimwita Mizunguko. Kazi yake ya asili ilikuwa kusuka mota zilizoungua: za feni, za pampu za maji, za mashine za kusaga. Unaifungua mota, unakata waya za shaba zilizoungua, unahesabu zilizungushwa mara ngapi, halafu unarudisha shaba mpya kwa mizunguko ileile. Ukipunja, mota inapata moto. Ukizidisha, inavuta kivivu kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Kwa hiyo Mizunguko alifanya kazi akihesabu kwa sauti, na ukimsalimia katikati ya hesabu alikuinulia kidole kimoja, maana yake ngoja. Wasiomjua walisema ana majivuno. Hata mchungaji alishawahi kuinuliwa kidole, akasimama na Biblia yake kwapani mpaka mota ikaisha.

"Karibu Mchungaji," Mizunguko alimwambia alipomaliza. "Nisamehe. Ungekuja kuniombea katikati ya hesabu, tungelazimika kuanza upya mimi na wewe wote."

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Hakuoa. Aliishi na mama yao, nyumba ya kuta za matofali yenye ua wa kuanikia nguo, na mama alipoanza kupoteza usikivu, ni yeye aliyekaa karibu naye kanisani na kumrudia mahubiri sikioni, akiyafupisha sana. Dada yake alimshtaki kwa kosa hilo. Alisema anamwachia mama nyama, anamwondolea mifupa.

Kisha feni zikawa rahisi. Mtu aliona nafuu kutupa ya zamani na kununua mpya, na mafundi wa kusuka mota wakabaki wameshika koleo mikononi. Wakati huohuo Mizunguko alikuwa akipigana na sigara. Alikuwa amevuta tangu ujana, kikohozi chake kilijulikana mtaa mzima, na maombi ya dada yake juu ya jambo hilo yalikuwa mengi kuliko mishono yake. Siku moja akapewa sigara ya mvuke, wenyewe wanaiita vepu, aijaribu. Akaweka sigara chini, na hakuiokota tena. Lakini kwa kuwa alikuwa fundi, hakuvuta tu. Alikifungua kile kidude aone kinakula nini. Ndani akakuta betri, pamba iliyolowa dawa, na kijikoili cha waya kilichozungushwa mara chache.

"Dada," alikuja akisema, uso umechanua, "kumbe ni kazi yangu ileile, imepungua kimo."

"Umeacha moshi, umeshika mvuke," Mama Sare alimjibu. "Mbinguni watakuuliza tofauti yake."

"Wakiniuliza nitawaeleza. Na wataelewa upesi kuliko wewe."

Mama Sare hakumbariki kwa kazi hiyo, na hakuficha. Lakini kikohozi kiliondoka, na yeye mwenyewe alisikia kimeondoka, akawa hana la kubisha. Mchana mdogo wake alikuja kukaa kwenye benchi la duka lake, chini ya dirisha, kwa sababu ya mwanga. Alimnyang'anya bobini za cherehani, akazungushia waya zake humo, zikapangwa kwenye ubao mmoja na nyuzi za kushonea. Mama Sare akiinuka kuchukua uzi mweusi, mara nyingine alijikuta ameshika chuma.

Hapo ndipo alipoyasikia mambo ya unene wa waya mpaka yakamwingia kama wimbo wa kwaya usioupenda. Namba za waya zinakwenda kinyumenyume: namba ikipanda, waya inakonda. Waya nyembamba inaupa umeme shida kupita, ndiyo maana inasemwa ina omu nyingi. Waya nene inaupa nafasi. Vijana wanaotaka wingu kubwa la mvuke wanataka omu chache, na njia ya haraka ya kuzipata ni kununua waya nene, kuizungusha mara chache, basi. Hapo ndipo Mizunguko alipogombana na dunia.

"Wewe ukishona blausi nyepesi kwa uzi wa jinzi," alimwuliza dada yake, "kinachoharibika ni nini? Uzi?"

"Uzi unaharibikaje? Blausi ndiyo inachanika."

"Sawasawa. Waya nene haiungui, inakaa pale imetulia. Inayochanika ni betri."

Kwa hiyo yeye hakuanza na wingu. Alianza na betri, inaweza kutoa umeme kiasi gani bila kupata homa, ndipo akachagua unene wa waya, ndipo akahesabu mizunguko, na mwisho akaipima kwa mita kabla haijaguswa na mtu. Kwa vifaa vya aina ya bomba la chuma, vyenye betri moja na visivyo na kitu chochote ndani cha kukata umeme ukizidi, alijiwekea sheria. Alichukua sindano ya cherehani ya dada yake, ile ya kushonea jinzi, akaichomeka kwenye kizibo cha chupa, akawa anatembea nayo mfukoni. Waya iliyopita kwenye tundu la sindano ile aliisuka. Isiyopita aliiita ngamia.

"Huyu ngamia," alisema akirudisha waya kwa mwenyewe, "mpeleke kwingine. Kwangu hapiti."

Bosi ndiye aliyemuuzia koili hizo dukani kwake. Zilikaa kwenye kabati la vioo, kila moja na kijifuko chake, na juu ya kijifuko karatasi iliyoandikwa Mizunguko. Vijana walikuwa wakiingia na kuuliza, "Mizunguko zipo?" Bosi alikuwa mnene wa sauti, mwepesi wa kucheka, na kabla ya mivuke alikuwa fundi wa kufunga umeme majumbani. Siku moja alimfuata Mizunguko hadi kwenye duka la ushonaji, akamkuta chini ya dirisha lake. Mama Sare alikuwepo, anakata kola.

"Mzee, wateja wanataka nene. Wanashindana mawingu. Nisukie nene."

"Kwa bomba la betri moja, sisuki."

"Acha woga. Mimi nimefunga umeme nyumba nzimanzima. Waya nyembamba ndiyo inayounguza ukuta. Nene ndiyo salama, kila fundi anajua."

"Nyumbani kuna swichi kubwa inayokata umeme ukizidi," Mizunguko alisema bila kuinua macho. "Kwenye bomba hakuna kinachokata ila betri yenyewe, na betri haikati, inapasuka. Nyumba na bomba si mamoja, Bosi."

"Basi baki na sindano yako, Shemasi."

"Nabaki nayo."

Wakacheka wote wawili, Bosi akaondoka. Mama Sare aliendelea kukata kola yake, hakuona kuna jambo la kukumbuka.

Nyumba ya mama yao ilijaa watu. Viti viliazimwa, chai ikachemshwa, na Mama Sare akapita na birika huku akisikia wanachosema. Walinywa chai ya msiba na kumtafuna marehemu. Si wote. Lakini masikio ya mtu aliyefiwa yanachagua maneno mabaya kama kuku anavyochagua punje.

"Si alikuwa anatengeneza mwenyewe?"

"Mwenyewe. Bosi anasema koili zote ni zake, hata wateja wanajua."

"Ndiyo hivyo. Vitu vya kuchezea moto."

"Na alikuwa mtu wa kanisa."

Hilo la mwisho lilimfanya asimame na birika likachuruzika chai sakafuni. Alitaka kuuliza, kwani alikuwa anauza bangi? Alitaka kuuliza, ni nani kati yenu ambaye feni yake haikupita mikononi mwake? Lakini alikuwa mwenye msiba, na mwenye msiba anatakiwa kushukuru kwa kila anayekaa kwenye kiti. Akashukuru. Meno yalimuuma kwa kushukuru.

Kilichommaliza nguvu ni mama. Alikuwa ameketi kitandani, amejifunga khanga kiunoni, na wale wanawake waliokuja kumfariji walikuwa wamempa habari sikioni kwa sauti ya juu, kama anavyoambiwa kiziwi, mpaka nyumba nzima ikasikia.

"Njoo," alimwambia binti yake. "Wanasema mwanangu alikosea hesabu."

"Hakukosea, Mama."

"Yule? Aliyeshindwa kuitikia hata mimi niliyemzaa, akiwa anahesabu?"

"Hakukosea."

"Una hakika?"

Mama Sare akaketi kando yake kitandani. Hakika hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni hasira tu, na hasira haimwambii mtu waya ile ilikuwa na unene gani. Siku hiyo aliapa kimoyomoyo, mbele ya Mungu ambaye hakupenda kumwapia ovyo, kwamba mdogo wake hatafunikwa udongo na neno lile juu yake.

Walipokaa kupanga maziko, mchungaji alikuwa na karatasi ya wasifu wa marehemu gotini. Mjomba wao, msemaji wa familia na mtu anayeogopa kelele kuliko mauti, alikaa kando yake.

"Hapa kwenye kazi," mchungaji alisema taratibu, "nimeona tuandike, alikuwa fundi. Inatosha."

"Fundi wa nini?" Mama Sare aliuliza.

"Fundi tu. Watu wataelewa."

"Wataelewa nini, Mchungaji? Mwizi ndiye anayefichwa kazi yake siku ya kuzikwa."

"Mama Sare, si kumficha. Ni kumsitiri. Kuna maneno."

"Maneno ya nani? Mnamsitiri kwa kosa ambalo hakuna aliyelithibitisha, maana yake mmeshamhukumu. Tofauti ni kwamba ninyi mmemhukumu kwa upole."

"Binti yangu," mjomba aliingilia, mikono imeinuliwa kama anasimamisha gari, "tuzike kwanza. Tutagombana baadaye."

"Baadaye atakuwa chini, Mjomba. Atajitetea kwa kutumia nini?"

Mchungaji alikunja karatasi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kwamba kila kitu kigumu kinaweza kulainishwa kwa kukiacha kando. "Niletee kitu cha hakika," alisema, "nami nitakisoma mbele ya watu wote."

Ilibidi waende kituo cha polisi kuruhusiwa kuchukua mwili. Mjomba alivaa koti na akamsihi Mama Sare njia nzima asifungue mdomo. Nyuma ya meza ndefu alikaa askari mwenye macho ya usingizi, mstaarabu wa kutosha, aliyewapa pole kabla hawajaomba. Akawatolea vitu vya marehemu: funguo, simu yenye kioo kilichopasuka, leso, na kizibo cha chupa kilichochomekwa sindano.

Mama Sare alikishika kile kizibo. Sindano ilikuwa yake mwenyewe. Pale mezani, kwenye mfuko wa nailoni, kililala kifaa kilichomuua. Bomba lilikuwa limepasuka na kuchanua kama ganda la ndizi, lakini kichwa chake, pale panapokaa koili, kilikuwa kimeruka kizima. Waya ilionekana, na ncha yake moja imejikunjua nje.

"Afande, naomba kukiangalia hicho."

"Mama, hicho ni kielelezo. Hakiondoki hapa."

"Sikichukui. Nataka nijaribu ncha ya hiyo waya kwenye tundu la sindano hii."

Askari alimtazama mjomba. Mjomba alitazama dari.

"Kwa nini?" askari aliuliza.

Akamweleza. Alimweleza betri, blausi, uzi wa jinzi na ngamia, na alipoona macho ya askari yanaanza kufunguka, akaeleza tena kwa ufupi. Askari akavaa glavu, akafungua mfuko, akatoa kichwa kile. Alijaribu yeye mwenyewe, ulimi umemtoka pembeni kama mtu anayetunga uzi mara ya kwanza. Ncha iligota kwenye tundu. Akaigeuza. Ikagota.

"Haipiti," alisema.

"Haipiti," Mama Sare alisema. "Andika basi kwamba haipiti."

"Niandike sindano ya cherehani kwenye jalada la kifo?"

"Andika, Afande."

Aliandika kitu. Kisha akaweka kalamu chini. "Ila nikuambie ukweli, Mama. Hii inaonyesha waya ni nene kuliko aliyoizoea. Haionyeshi ni nani aliisuka. Mteja aliyekirudisha kifaa anasema alikinunua pale dukani, na akaambiwa ni koili ya marehemu. Mwenye duka naye anasema hivyohivyo. Marehemu alipewa akiangalie kwa kuwa kilikuwa kinachemka, akakisogeza karibu aone ndani. Hatujui zaidi ya hapo."

"Nani alimpa akiangalie?"

"Mwenye duka."

Mjomba alitaka warudi nyumbani. Mama Sare alimwambia arudi akamwangalie mama, yeye ana pahali pa kupita.

Duka la Bosi lilikuwa wazi. Hilo nalo lilimchoma. Watu hufunga duka kwa kufiwa na paka, na huyu amefungua, muziki unapigwa, vijana wameketi kwenye viti virefu wakipuliza mawingu yenye harufu ya pipi. Kwenye kabati la vioo koili zilikuwa zimepangwa vilevile, na jina lilikuwa juu yake vilevile.

Bosi alimwona akakata muziki. "Dada. Pole sana, dada yangu. Nilikuwa najiandaa kuja."

"Nipe moja ya hizo za kawaida. Na moja ya hizo za wingu kubwa."

"Dada, leo siyo siku ya—"

"Nipe."

Akampa, labda kwa kudhani anataka kumbukumbu. Mama Sare alifungua kijifuko cha kwanza juu ya kioo, akatoa sindano kwenye kizibo, akaingiza ncha ya waya. Ikapita, imebana lakini ikapita. Akafungua cha pili. Ikagota.

"Hii ni yake," alisema. "Hii ni ya nani?"

Mmoja wa vijana alishuka kwenye kiti akasogea kuangalia. "Si zote ni za Mizunguko? Mbona zimeandikwa?"

"Zimeandikwa. Namuuliza aliyeandika."

"Dada, ingia huku nyuma tuongee," Bosi alisema, sauti imepungua unene.

"Hapa pana hewa."

"Bosi, mimi uliniambia zote anasuka yule mzee," kijana mwingine alisema, akaanza kukichunguza kifaa chake mwenyewe, kisha akakiweka juu ya kabati na kukisogeza mbali naye, kama mtu anayemrudishia jirani mtoto asiye wake.

Bosi aliona macho yote yako kwake. Akaketi. "Alikataa kuzisuka, na wateja walikuwa wanazitaka. Nikasuka mimi. Ni waya tu, dada. Mimi nimeshika waya maisha yangu yote. Nene haiungui, ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo ilivyo. Sikukusudia."

"Ulifundishwa nyumba. Yeye alikwambia bomba si nyumba. Alikwambia dukani kwangu, nimesimama na mkasi mkononi."

"Alinambia."

"Ukamwita Shemasi. Ukaenda ukasuka kitu alichokikataa, ukakibandika jina lake kwa sababu jina lake linauza. Kikachemka, ukampa akiangalie, hukumwambia kwamba hiki si chako, kaa nacho mbali. Kikamuua. Na bado ulipoulizwa, ukasema ni chake." Hakuwa amepaza sauti. Alikuwa akiongea kama anayesoma vipimo vya mteja. "Mwili wake ulikuwa haujapoa, Bosi."

Bosi alifuta uso kwa kiganja. "Nitagharamia jeneza. La vioo. Na maturubai, na spika."

"Jeneza tunalo."

"Basi unataka nini?"

"Uje maziko. Usimame useme."

"Watu watanila nyama."

"Mimi wananila tangu juzi, na chai nawamiminia."

Mama Sare alizunguka nyuma ya kabati bila kuomba ruhusa, akavuta kiti, akatoa mkasi wake mdogo wa kukatia nyuzi. Akaanza kubandua jina la mdogo wake kwenye kila kijifuko cha waya nene. Alikuwa akijaribu ncha kwenye sindano kwanza, isije ikawa ya kwake. Vijana walikuwa wakimtazama. Alipomaliza, vipande vya karatasi vilikuwa rundo dogo mbele yake. Akavifunga kwenye leso, akaondoka.

Kwa mchungaji alifika na kumsimulia yote. Mchungaji alisikiliza, akauliza maswali kuhusu sindano, akarudia kuuliza. "Sasa nikisoma haya na yule bwana asije?" alisema.

"Utakuwa umesoma kweli na yeye hakuja."

Akafungua kalamu.

Siku ya maziko mawingu yalikuwa mepesi na upepo ulipekua kurasa za vitabu vya nyimbo. Jeneza lilikuwa la mbao za kawaida, limepakwa vanishi. Mama aliketishwa mbele, karibu na kaburi, Mama Sare kulia kwake, mahali ambapo Mizunguko angekaa. Bosi alikuja. Alisimama nyuma kabisa na miwani nyeusi, karibu na gari lake, mlango wa gari umeachwa wazi.

Mchungaji alisoma wasifu. Alisoma mahali alipozaliwa na mahali alipobatizwa. Kisha akasoma, "Alikuwa fundi wa kusuka mota, na baadaye koili za sigara za mvuke. Alikuwa na kipimo chake, na kilichozidi kipimo hicho hakukisuka. Iliyomuua haikusukwa na mkono wake." Watu wakageukiana. Mchungaji akainua macho. "Kuna anayetaka kusema neno?"

Bosi alisogea mbele polepole. Watu walimpisha. Alivua miwani, akaishika kwa mikono miwili.

"Marehemu alikuwa mwenzangu," alisema. "Tumefanya naye kazi vizuri. Yaliyotokea ni ajali. Kazi zetu zina hatari zake, na Mungu ndiye anayejua. Familia, poleni sana." Akaanza kuvaa miwani.

"Nani aliisuka?" Mama Sare aliuliza kutoka kitini.

Mjomba alimshika mkono. Akautoa. Bosi akaishusha tena miwani.

"Mimi," Bosi alisema.

"Sema wasikie."

"Niliisuka mimi. Yeye alikataa. Nikaweka jina lake."

Mama aliinama upande wa binti yake. "Anasema nini yule?"

Mama Sare alimsogelea sikioni, akamrudia kwa ufupi kama mdogo wake alivyozoea kufanya. "Anasema ni yeye aliyeisuka, Mama."

"Kwa hiyo mwanangu hakukosea hesabu."

"Hakukosea."

Mama akaitikia kwa kichwa mara moja, akanyoosha khanga yake magotini. Bosi alirudi nyuma, na askari wa kituoni, aliyekuja bila sare, akaenda kusimama karibu na lile gari. Mchungaji, katika sala yake, aliomba mioyo ilainishwe na wanaokoseana wasameheane. Mama Sare aliitikia amina kwa sala yote isipokuwa hapo. Alimwambia Mungu, kwa unyenyekevu lakini bila kupepesa, kwamba kwa hilo atarudi kwake siku nyingine.

Kwaya iliimba. Wanaume wanne walishika kamba, wakaliteremsha jeneza, likagusa chini upande wa kichwani kwanza, kisha wa miguuni. Kamba zikavutwa. Mama aliinuliwa, akapewa udongo kiganjani, akautupa. Mama Sare akatupa wake. Mjomba akatupa wake, kisha ndugu, kisha majirani, na wale wanawake wa sikioni nao wakatupa. Vijana kutoka duka la mivuke walisimama pembeni mpaka walipoitwa, wakachukua makoleo, wakafukia. Kaburi lilipofika juu walilisawazisha, wakachomeka msalaba wa mbao wenye jina lake la ubatizo, na chini yake, kwa herufi ndogo, Mizunguko. Mashada mawili ya maua yakawekwa. Mchungaji alisoma baraka ya mwisho, watu wakaanza kutawanyika, na Mama Sare akamshika mama mkono wakatembea taratibu hadi barabarani.